Makuti ya Meya Kenge

— Paukwa!

— Pakawa!

— Pakawa mji.

— Mji gani?

— Mji wenye bwawa moja.

— Na meya je?

— Meya mmoja, na ole wao!

Haya, sogeeni. Mwanatumu, mpishe mwenzio. Hadithi hii kila nikiisimulia nakasirika upya, kwa hiyo mtu asinikatize.

Hapo zamani za kale, zamani sana, wanyama walikuwa na mji wao, ukiitwa Kidimbwini. Ulikuwa mji mdogo kweli. Ukipiga chafya mlango wa kwanza, wa mlango wa mwisho anakuombea afya. Kulikuwa na njia moja, soko moja, na bwawa moja la maji ya kunywa. Na kulikuwa na nyumba ya meya.

Nyumba hiyo, sikilizeni vizuri, ilikuwa na desturi yake. Siku meya anapochaguliwa, kila kaya huleta kuti moja. Moja tu. Mwenye kaya hulipandisha juu ya paa yeye mwenyewe na kulifunga kwa fundo lake mwenyewe. Tumbili alikuwa na fundo lake la kuzungusha. Kanga alikuwa na fundo lake la kudonoadonoa. Nyati alikuwa na fundo nene, limekandikwa matope. Hata Digidigi, mdogo kuliko wote mjini, alikuwa na fundo lake, jembamba kama uzi. Makuti yakishatimia, meya hukalishwa kitini chini yake, na wote husema kwa sauti: "Meya ni yule anayeketi chini ya makuti yetu!"

Na meya akiwa mbaya? Akiwa mbaya, hakuna vita. Kila mwenye kaya huenda akafungua fundo lake, akachukua kuti lake, akarudi nalo nyumbani. Paa likibaki wazi na jua likampiga meya utosini, basi, umeya umekwisha, ashike njia. Lakini mtu hafungui kuti la mwenzake. Hilo lilikuwa mwiko mkubwa. Ukigusa kuti la mwenzako, unafukuzwa mjini.

Sasa, makuti huoza. Kwa hiyo kila baada ya masika, kila mwenye kaya alipanda tena juu ya paa, akatoa kuti bovu, akafunga jipya. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Tumbili alilalamika mgongo. Kanga alilalamika vumbi. Nyati alilalamika ngazi, maana kila ngazi aliyoikanyaga ilivunjika, ikabidi apewe sehemu ya chini kabisa, upenuni.

Meya wa wakati huo alikuwa Kenge. Bwana Kenge alikuwa mrefu, mpole wa maneno, ulimi wake ukitoka na kuingia kila anapofikiri. Masika moja akawaita wote sokoni.

"Ndugu zangu raia," akasema, "mnahangaika bure. Mnaacha kazi zenu kuja kunifungia makuti. Mimi naona haya. Kuanzia mwaka huu msije. Kuti likioza, nitalibadilisha mimi mwenyewe. Ninyi pumzikeni."

Aa! Walishangilia mpaka vumbi likasimama. "Huyu ndiye meya!" Ngoma ikapigwa. Kanga alicheza, Tumbili alicheza, hata Digidigi na mumewe walicheza. Kibwana, usitikise kichwa hapo. Wewe hata maji ya kuoga unamsubiri dada yako akutekee, ungecheza kuwashinda.

Masika yakapita. Yakaja mengine, yakapita. Yakaja mengine tena. Hakuna aliyepanda juu ya paa la meya.

Asubuhi moja wanyama wakaenda bwawani kunywa maji kama kawaida yao. Kawaida yao ilikuwa kwenda wote pamoja, Nyati mbele, wadogo katikati, kelele tele. Wakafika. Loo! Ndani ya maji mna macho mawili yanawatazama.

Alikuwa Mamba.

Wakakimbia mbio hadi kwa meya. "Mheshimiwa! Mheshimiwa! Bwawani mna Mamba!"

Kenge wala hakushtuka. Akatoa ulimi, akaurudisha. "Najua," akasema. "Ni mgeni wangu. Mimi ndiye niliyemkaribisha. Atatulindia bwawa letu. Na kuanzia leo, hakuna kwenda bwawani kwa makundi. Makundi yanachafua maji. Mtakunywa kwa zamu, mmoja mmoja. Na maji hayabebwi, kila mtu aje kunywa mwenyewe. Huo ndio utaratibu."

Wakatazamana. Neno "utaratibu" lilikuwa zuri masikioni, na aliyelisema alikuwa meya. Wakarudi makwao.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya mume wa Digidigi. Akateremka peke yake. Mkewe akabaki juu kwenye vichaka, akimtazama. Akamwona akiinamisha kichwa. Maji yakatikisika mara moja, yakatulia.

Hakurudi.

Bi Digidigi akaenda mbio kwa meya. Alimkuta Kenge yuko mezani, anakula.

"Mheshimiwa," akasema, "mume wangu ameliwa na mgeni wako."

"Pole sana, mama," akasema Kenge huku akitafuna. "Huenda aliteleza."

"Hakuteleza. Nimemwona."

"Basi tutaliangalia jambo hilo."

Bi Digidigi akainua macho, yakaangukia sahani. Pembeni mwa sahani palikuwa na ukwato mmoja mdogo.

Jamani! Mnanisikia? Ukwato! Mke anaujua ukwato wa mumewe. Kumbe Mamba alikuwa akila, na mabaki yalipelekwa kwa meya. Ndiyo sababu ya makaribisho. Ndiyo sababu ya mmoja mmoja.

Kenge akajifuta mdomo, akasema, "Usisahau, mama. Siku ya soko ni zamu ya mwanao. Amekwisha kuacha kunyonya, sasa ni raia kamili. Aje peke yake."

Bi Digidigi alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na siku ya soko ilikuwa inakuja. Hakurudi nyumbani kulia. Akaenda nyumba kwa nyumba.

Akabisha kwa Kanga. Akaimba, na ninyi mniitikie:

*Kuti langu liko wapi?*
— *Juu ya paa!*
*Nani alilifunga?*
— *Mimi!*
*Nani atalifungua?*
— *Mimi mwenyewe!*

Kanga akafungua mlango, macho mekundu. "Usiseme zaidi, shoga yangu," akasema. "Baada ya mumeo nilipeleka kifaranga changu cha kwanza, hakikurudi. Sina la kuambiwa. Nitakuja kufungua langu."

Akabisha kwa Tumbili. Akaimba:

*Kuti langu liko wapi?*
— *Juu ya paa!*
*Nani alilifunga?*
— *Mimi!*
*Nani atalifungua?*
— *Mimi mwenyewe!*

Tumbili akacheka. "Bi Digidigi, mimi huishi kwa matunda. Bwawani naenda mara chache. Na huyu meya ametupumzisha. Unataka aje mwingine atupandishe juani tena?"

"Mume wangu ameliwa, baba."

"Nimesikia. Pole. Lakini nakumbuka zile siku za makuti, na mgongo unaniuma hata sasa." Kisha akaona uso wa mama yule, akaacha kucheka. "Haya, wengine wakija, nitakuja."

Akabisha kwa Nyati. Akaimba:

*Kuti langu liko wapi?*
— *Juu ya paa!*
*Nani alilifunga?*
— *Mimi!*
*Nani atalifungua?*
— *Mimi mwenyewe!*

Nyati akatoka nje, akamtazama huyu mdogo aliyesimama mbele ya kwato zake. "Dada," akasema, "mimi Mamba hanigusi. Nikifika pale, yeye ndiye anayezama. Meya hajanikosea kitu. Nisamehe."

Bi Digidigi akaondoka, kichwa chini. Bila Nyati, nani atathubutu?

Kesho yake, zamu ilikuwa ya ndama wa Nyati. Ndama! Nyati alitaka kumsindikiza, Kenge akamkumbusha amri ya meya: mmoja mmoja. Akamwachia aende. Mnyama mkubwa vile, mwenye pembe zile, akasimama juu ya ukingo akatazama maji yakitikisika mara moja, yakatulia.

Alasiri hiyo Nyati mwenyewe alifika kwa Bi Digidigi. Hakutoa salamu. Alisema tu, "Ni lini?"

"Kesho," akajibu. "Siku ya soko. Kabla mwanangu hajaitwa."

Kulipokucha, mji mzima ulikuwa mbele ya nyumba ya meya. Walikuja hata wale wasiotoka. Bi Digidigi alikuwa mbele, bintiye kajificha chini ya tumbo lake. Kenge akatoka mlangoni. Mlidhani atakimbia? Hakukimbia. Alitabasamu!

"Karibuni, karibuni," akasema. "Mmekuja kuezua? Ni haki yenu. Desturi ni desturi. Kila mtu afungue fundo lake, asiguse la mwenzake. Ngazi ile pale."

Tumbili akapanda kwanza. Akatafuta huku, akatafuta kule, akainua, akachungulia. Akasimama.

"Fundo langu silioni!"

"Tazama vizuri," wakamwambia.

"Nimetazama! Silioni!"

Kanga akaruka juu. Akadonoa huku, akadonoa kule, akatembea paa zima toka mwanzo hadi mwisho.

"Fundo langu silioni!"

Nyati akaenda upenuni, pale pake pa chini. Akanusa, akapindua kwa pembe, akatafuta matope yake.

"Na langu silioni!"

Wakapanda wote mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeshuka alishuka na neno lile lile. Juu ya paa mafundo yote yalikuwa ya namna moja. Yalikuwa laini, marefu, yamepindwa mara mbili. Yalikuwa mafundo ya Kenge.

Salaale! Mji mzima ulishikwa na bumbuwazi. Miaka ile waliyokuwa wamepumzika, Kenge alikuwa kazini. Akitoa kuti la huyu, akifunga lake. Akitoa kuti la yule, akifunga lake. Kidogo kidogo, masika baada ya masika, mpaka likaisha la mwisho. Na hakumwibia mtu. Wao ndio waliomkubalia abadilishe, tena kwa ngoma!

Kenge akacheka mpaka ulimi ukaning'inia. "Mbona mmenyamaza? Fungueni basi! Hamna cha kufungua? Na la mwenzenu mnajua hamgusi. Basi nendeni nyumbani, kuna jua. Na wewe mama, zamu imefika. Mteremshe mtoto."

Nyati akashusha pembe. "Nitaivunja nyumba hii!"

"Kaka, usifanye," akasema Bi Digidigi. "Ukiivunja leo kwa pembe, kesho meya atakuwa mwenye pembe kubwa. Mimi sina pembe, na binti yangu hatakuwa nazo."

Nyati akasimama, akihema. Wengine wakaanza kurudi nyuma, mmoja, mwingine. Mtoto akamwambia mama yake kwa sauti ndogo, "Mama, niende? Watu wananitazama."

Mama yake akamvuta karibu. Alikuwa anatazama paa. Akasogea mpaka karibu na Kenge, akauliza kwa heshima, "Mheshimiwa, kuti lile la upenuni ni la nani?"

"Langu," akasema Kenge.

"Na lile la katikati?"

"Langu."

"Na lile la juu kabisa, lililo juu ya kiti?"

"Ee, mama wewe! Langu! Langu! Yote ni yangu! Hakuna hata jani moja la mtu juu ya paa hili. Nilifunga yote kwa mkono wangu!"

Bi Digidigi akawageukia wenzake.

"Mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema, bado hawajaelewa.

"Meya ni nani?"

Wakajibu kama walivyozoea tangu utotoni, "Ni yule anayeketi chini ya makuti yetu."

"Na huyu anaketi chini ya makuti ya nani?"

Tumbili, yule yule aliyecheka, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yake mwenyewe," akasema polepole. "Jamani, huyu si meya! Huyu ni mtu amekaa kwake!"

"Si meya," akasema Bi Digidigi. "Hajawa meya tangu siku alipotoa kuti la mwisho la mji. Hatuna haja ya kumwondoa. Alijiondoa mwenyewe, akakaa kimya, na sisi tukaendelea kumwita mheshimiwa."

Kenge akafungua mdomo, ulimi ukatoka, ukarudi.

Bi Digidigi akamwuliza, na sauti yake sasa ilikuwa imepasuka, "Basi mume wangu aliteremka peke yake kwa amri ya nani?"

Kanga akajifunika uso kwa bawa. Nyati, mnyama mkubwa vile, akapiga magoti mavumbini, maana alikuwa amemwachia ndama wake aende kwa sababu ya amri ambayo haikuwa amri ya mtu yeyote. Hapa huwa nashindwa kuendelea mara moja. Watu wote wale, na mwenye kuwaamuru hakuwepo!

Kenge alipoona macho yanamgeukia, akatimua mbio. Alipita soko, akapita vichaka, akaenda moja kwa moja bwawani. Mji mzima ukamfuata mpaka ukingoni.

"Rafiki yangu Mamba!" akaita. "Nifiche! Wameniasi!"

Mamba akatoa macho juu ya maji. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Mmoja?"

"Mmoja, rafiki yangu."

"Utaratibu mzuri," akasema Mamba.

Maji yakatikisika mara moja, yakatulia.

Toba! Waliokuwa ukingoni walipigwa na butwaa, hata waliokuwa wakimtukana njia nzima. Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wameona kwa macho yao jinsi ilivyokuwa rahisi.

Bi Digidigi ndiye aliyesema kwanza. "Yule mgeni alikaribishwa na nani?"

"Na Kenge."

"Kenge alikuwa meya?"

"Hakuwa!"

"Basi hana mwenyeji hapa. Twendeni tukanywe maji. Wote."

Nyati akainuka mavumbini, akashika mbele. Tumbili akafuata, Kanga na vifaranga vyake vilivyobaki, wakubwa pembeni, wadogo katikati, kelele tele. Wakaingia majini kwa pamoja, kwato kwa kwato, matope yakaruka mpaka vichakani. Mamba akatazama huku akaona miguu. Akatazama kule akaona pembe. Akazama, akaibuka ng'ambo, akatoka kwenye bwawa lile akijikokota kuelekea mtoni, na Nyati nyuma yake mpaka mpakani.

Binti wa Digidigi akanywa maji akiwa katikati ya miguu ya watu. Yalikuwa machafu, yametibuliwa, yana matope. Akanywa mpaka tumbo likawa duara.

Siku hiyo hiyo wakaanza nyumba mpya ya meya. Kila kaya ikaleta kuti lake. Jua lilikuwa kali, ngazi zikavunjika chini ya Nyati, Kanga akapiga chafya za vumbi. Tumbili akajinyoosha mgongo, akasema, "Jamani, hivi haiwezekani tukampa mmoja wetu atufungie sote?"

Wote wakaacha kazi wakamtazama. Bi Digidigi pia akamtazama, toka juu ya paa, fundo lake jembamba liko mkononi, na pale pembeni yake palikuwa patupu, pale mumewe alipozoea kusimama akimshikia kuti.

Tumbili akapanda ngazi, akafunga lake.

Mafunzo yake ni haya, na mniangalie usoni: kazi ya mji ni nzito na inachosha, lakini mkubwa akikuambia pumzika, nitakufanyia, usimpigie ngoma. Siku ya kumtoa utapanda juu, utatafuta fundo lako, usilione. Na amri ikija, kabla hujampeleka mtoto wako, uliza kwanza ni ya nani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyo tamu gawaneni, iliyo chungu niachieni mimi. Kibwana, inuka ukateke maji.